Tak ya Pili

Jumamosi, 16 Novemba

Mimi Ezra Sironka ndiye mizani pekee katika nchi hii inayotembea, inayokula chapati na kucheka. Nikikuangalia kutoka kichwani mpaka kiatuni nakuambia kilo zako, na nikikosea jua umeficha simu mfukoni. Mbuzi, fahali, mchungaji wa kanisa, bibi harusi na gauni lake: wote nimewapima kwa macho. Wazungu walienda mwezini wakarudi na mawe. Wangenibeba mimi, ningewaambia mwezi wenyewe una kilo ngapi.

Hili daftari nimepewa leo na Mzee Muthama, fundi wa mitambo hapa paki yetu ya michezo, kando ya barabara ya Namanga ukitoka Kitengela mjini. Alinipa nikianza kazi ya kuendesha Tai. Akasema, "Andika kila siku. Mashine ikipiga chafya, andika. Ukipiga chafya wewe, usiandike."

Shule niliachia kidato cha pili lakini mwandiko wangu unashinda wa daktari. Kwa hivyo Mzee atapata habari za mashine yake, na mimi nitajiweka kidogo hapo katikati.

Tai ni mlingoti mrefu wa chuma wenye mikono kumi na miwili, na kila mkono una kiti cha watu wawili. Nikibonyeza kitufe cha kijani, mikono inainuka na kuzunguka mpaka unaona paa za ghorofa kwa juu, na malori ya Namanga yamejipanga kama siafu. Kila mtu ana chuma chake kinachomlalia mapajani. Ukikisukuma chini kinalia *tak*. Ukikisukuma tena, *tak*. Ya kwanza ni ya kushika tu. Ya pili ndio ya kufunga.

Kabla ya kila mzunguko Mzee anauliza kwa sauti, "Imelia mara ngapi?"

Nami najibu, "Mbili, mzee!"

Leo tumejibizana hivyo mara thelathini na kitu. Hata kanisani sijawahi kuitikia namna hiyo.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua. Wateja kumi na mmoja. Mbili, mzee.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo nimepanda cheo.

Bosi wetu, Wahome, alisoma bamba la chuma lililo chini ya Tai. Limeandikwa kila kiti kisizidi kilo mia mbili. Akagawanya kwa mbili, akasema basi mtu akizidi mia moja hapandi. Akaenda kuazima mizani ya wauza nyasi, ile ya uso mkubwa kama saa ya ukutani, akaiweka getini. Na uso wa mizani ukaelekea foleni.

Saa tano akafika Nyaguthii na binti yake wa miaka minane. Nyaguthii anashona mapazia hapo mjini, ni mwanamke mkubwa, wa kujaza mlango. Akapanda. Mshale ukakimbia mpaka ukapita mia. Kijana mmoja mjinga (simtaji jina, lakini ana sura nzuri na jina lake linaanza na E) akasema, "Hiyo ni ng'ombe ya Boran safi!"

Foleni yote ikaanguka kwa kicheko.

Mama wa watu hakulia. Alishuka, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akatuangalia mmoja mmoja. "Haya," akasema. "Mbona sisikii mtu akiuliza bei?"

Kicheko kikakatika kama kamba. Akamshika binti yake mkono wakatoka.

Mteja wa pili kuzidi mia hakuwa na subira hiyo. Aliipiga mizani teke, mtu akarekodi kwa simu, na ikifika saa nane video ilikuwa imefika mpaka kwa mke wa bosi. Wahome akashika kichwa. Hapo ndipo nilipojitokeza. Nikamwambia, "Bosi, rudisha hiyo kitu kwa wauza nyasi. Mimi nimelelewa soko la mifugo Kajiado na baba mdogo Samuel, dalali. Nitapima watu bila wao kujua."

"Wewe?"

"Wewe ni themanini na tatu."

Akapanda mizani. Themanini na tatu na nusu. Nikamwambia nusu ni funguo za gari.

Kuanzia kesho, watu wakiingia nitasimama na Cate wa tiketi. Nikikuna sikio la kulia, anamfunga mtu utepe mweupe: apande kila kitu. Nikikuna la kushoto, utepe wa njano: kila kitu isipokuwa Tai. Cate anasema masikio yangu yataisha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimempigia baba mdogo kumpa habari za cheo changu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini ero, kijana wangu, umesahau nusu ya kazi. Jicho ni la kutaja bei. Kabla hujasema ndiyo, unaweka mkono mgongoni mwa mbuzi. Manyoya hudanganya. Mkono haudanganywi."

Nikamwambia nikiweka mkono migongoni mwa wake za watu nitazikwa kabla ya Krismasi.

Jumamosi, 30 Novemba

Nyaguthii amerudi! Nikakuna la kushoto kabla hajafika getini. Cate akamfunga utepe wa njano. Mama akaniangalia.

"Kijana, mbona unaniangalia kama mtu anayechagua wa kuchinja?"

"Hapana, mathe. Naangalia hali ya hewa."

"Basi niambie. Itanyesha?"

Binti yake alipanda treni ndogo peke yake. Kila ikizunguka anapunga mkono, na mama anapunga. Yeye alikaa kwa benchi chini ya Tai akiangalia juu. Alikaa hapo saa mbili nzima.

Mzee Muthama akaniita kando. "Ulimpima ngapi?"

"Mia moja kumi na nane."

"Na hilo bamba linasema mtu, ama linasema kiti?"

Nikainama kulisoma bamba.

"Linasema kiti. Mia mbili. Ukimkalisha na mtu mwembamba, yuko ndani. Kitu kinachoamua ni chuma, kinalia mara ngapi mapajani mwake. Macho yako hayana masikio, Ezra."

Mzee ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yote huniangukia mimi.

Jumanne, 3 Desemba

Matope ya udongo mweusi. Kila mteja anatembea na kilo mbili zaidi kwa viatu. Nimezitoa kwa hesabu.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepata adui, na adui ni kiti.

Mzee alitoa stoo kiti cha akiba cha Tai na chuma chake, akakifunga kwa nati kwenye sakafu karibu na geti. Anataka kila mtu akae hapo kwanza. Chuma kikilia mara mbili, unapanda. Kikilia mara moja, hupandi, na hakuna mtu ametaja kilo. Bosi akasema watu watacheka tu kama walivyocheka kwa mizani. Mzee akasema kuna mtu ameshafikiria hilo.

Nyaguthii akaingia na furushi kichwani. Pazia. Zambarau, mikunjo kama ya kanisa, na reli yake. Ameshona mwenyewe, hakuitisha kitu.

"Ili mtu akiambiwa hapana," akasema, "aambiwe na mtu mmoja. Asiambiwe na foleni."

Akaniangalia mimi akisema *foleni*. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Wahome amekubali kujaribu, mradi foleni isichelewe. Cate ameniuliza sasa masikio yangu yatafanya kazi gani. Nimemwambia yatakuwa likizoni.

Alhamisi, 12 Desemba

Jamhuri Dei. Watu kama nzige.

Asubuhi alikuja baba na kijana wake Muturi, wa miaka kumi, miguu imekakamaa tangu kuzaliwa, anabebwa mgongoni. Zamani bosi angesema hapana pale getini na mambo yangeisha. Mzee aliwaingiza nyuma ya pazia, akamuuliza Muturi mwenyewe, "Nyumbani ukikaa, unakaaje?" Sio baba. Mtoto. Wakajaribu hivi, wakajaribu vile, na mto, bila mto. Kila mara *tak* moja tu. Nilisikia Mzee akisema, "Chuma changu hakijajua kukushika wewe. Makosa ni ya chuma." Halafu akatoka amembeba, akamkalisha kwa stuli yangu, akamwambia, "Leo wewe ndio rubani."

Muturi alibonyeza kitufe cha kijani mara nne. Mara ya tatu aliniita kondakta wake. Kusema ukweli alikuwa na madharau, nilimpenda.

Halafu zamu ya Nyaguthii. Mimi nilishawatangazia Cate na vijana wa chipsi: kile chuma hakifungi pale, hata kikipakwa mafuta. Tulisimama nje ya pazia tukitega sikio.

*Tak.*

Kimya.

*Tak.*

Cate akapiga kigelegele. Nyaguthii akatoka nyuma ya pazia polepole kama bibi harusi. "Kijana, hali ya hewa inasemaje?"

Alikalishwa kiti kimoja na Cate, maana Cate ni kama kuni moja. Kule juu aliimba pambio la kanisa lake mpaka watu wa chini wakaanza kuitikia. Binti yake alikuwa anaruka akisema, "Ni mama! Ni mama!" Majumamosi yote yale mama alikuwa anaweza kupanda. Jicho langu ndilo lilimkalisha kwa benchi.

Niliposhusha mikono, akaniambia, "Asante, ulinizungusha vizuri." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 13 Desemba

Vijana wa chipsi wameniita "Mizani Mbovu" siku nzima. Baba mdogo pia amesikia, sijui kwa nani.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua. Mbili, mzee. Mzee ameuliza daftari linaendeleaje. Nimesema linanenepa.

Jumamosi, 21 Desemba

Foleni ya pazia imefika barabarani. Bosi alikuwa anatembea juu chini na simu, akiona magari yanageuza. Nikamwendea polepole.

"Bosi, hawa wembamba wanapotezewa wakati. Mtu wa kilo hamsini anapimwa nini? Wape utepe moja kwa moja. Mimi nitawaonyesha."

"Una uhakika na macho yako? Nasikia mambo."

"Mwembamba hakosewi, bosi."

Akakubali hapo hapo. Mzee aliposikia alitoka nyuma ya pazia na spana mkononi. "Kila mtu," akasema. "Mnene, mwembamba, mrefu, kila mtu. Nikianza kuchagua, pazia linakuwa la kuwaaibisha wanaoingia."

"Muthama, hii paki ni ya nani?"

Mzee akaigeuza spana mkononi. "Basi chuma kule Tai kisikilizwe vizuri mara mbili." Akanigeukia. "Umesikia, Ezra? Sasa huko kwako ndio hakuna mwingine wa kusikiliza."

Masikio yangu yamerudi kazini.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu alfajiri. Nilikula mbuzi kwa baba mdogo Kajiado. Mbuzi alikuwa na kilo kumi na saba, na hapo sikukosea.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimefuta na kuandika upya, mtu asiseme ni mwandiko mbaya.

Jua lilitoka kali. Watu wote waliozuiwa na mvua jana walikuja leo na jamaa zao. Bosi alishika kipaza sauti mwenyewe. Mzee alikuwa nyuma ya pazia bila kutoka. Cate aliishiwa na tepe nyeupe mara mbili.

Saa tisa hivi Nyaguthii alikuwa amesimama kwa jukwaa la Tai, amepita kwa pazia kama kawaida, anangoja mtu mwembamba wa kukaa naye. Nikaangaza foleni. Nikaona msichana wa miaka ishirini na kitu, gauni refu la kitenge mpaka kwenye vifundo, shanga shingoni, anatembea pole pole kama mtu asiye na haraka na dunia. Amekuja na kwaya kutoka Kajiado. Cate alikuwa hapo, vijana wa chipsi walikuwa hapo. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Huyo! Kilo hamsini na moja. Nikikosea naacha kazi."

Vijana wakapiga makofi. Nikamvuta mbele. Akasema anaitwa Resian.

Nikamsalimu Kimaasai, "Supa, Resian."

"Ipa. Kaka, kuna kitu nilitaka kukuambia kwanza..."

Nilidhani anataka namba ya simu. Nikamwambia, "Utaniambia ukishuka, mrembo, kuna watu wanangoja." Akacheka kidogo. Alipanda kwa kushika chuma kwa mikono yote miwili. Nilidhani ni maringo.

Nikamfunga Nyaguthii: *tak, tak*. Nikamfunga Resian: *tak, tak*. Nikapitia viti vingine. Mzee akaita kutoka nyuma ya pazia, "Imelia mara ngapi?" Nikajibu, "Mbili, mzee!" Nikabonyeza kijani.

Mzunguko wa kwanza, sawa. Wa pili, mikono ikafika juu kabisa, upepo wa mbugani unapiga gauni. Wa tatu nikasikia sauti. Haikuwa ile ya raha. Ukifanya kazi hapa unazijua sauti mbili hizo, na hazifanani hata kidogo.

Niliangalia juu nikaona Resian ameteleza, nusu yake iko nje ya kiti, na Nyaguthii amemzungushia mkono kifuani, amemgandamiza, amefumba macho. Halafu kitu kikadondoka. Kilizunguka angani, kikapiga paa la kibanda cha chipsi, kikaanguka kwa matope. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mguu! Mguu wa mtu!"

Ulikuwa mguu. Una soksi nyeupe na kiatu kilichopigwa rangi.

Watu walikimbia kila upande. Mwanamke mmoja alianguka pale pale. Mimi nilisimama. Kitufe chekundu kilikuwa hatua moja kutoka kwangu, na miguu yangu miwili mizima ilikataa. Mzee alipita kama kijana, pazia limemshika begani, akapiga chekundu kwa ngumi.

Tai hashuki mara moja. Anashuka polepole ili mikono isivunjike. Nilihesabu mizunguko miwili na nusu. Mizunguko yote hiyo Nyaguthii alimshika, na tulimsikia akisema, "Nimekushika, mami, nimekushika, mimi ni mzito, siendi popote."

Walipofika chini Mzee alilazimika kufungua vidole vya Nyaguthii kimoja kimoja. Resian bega lilikuwa limetoka. Damu hakuna. Mguu ulikuwa wa bandia, wa plastiki ngumu kuanzia juu ya goti. Ndio alitaka kuniambia.

Resian alipobebwa kwa gari alisema, "Naomba mguu wangu." Cate alikuwa ameuosha matope. Alimpa kama anampa mtoto mchanga.

Ijumaa, 27 Desemba

Tai amefungwa. Wakaguzi wawili wamekuja na tochi na kalamu. Walikifungua kile chuma, wakakibonyeza kikiwa tupu: *tak, tak*. Wakaangalia meno ndani, wakasema yamelika kidogo. Mzee akasema meno ya kila mashine inayofanya kazi yamelika kidogo, na kipimo chake kimeandikwa. Wakaandika "yamelika".

Wakaniuliza, "Ulisikia mlio mara ngapi?"

"Mbili."

Wakaandika. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Aliitikia kwa kichwa, kama siku zote.

Jumamosi, 28 Desemba

Bosi amemfukuza Mzee Muthama. Amesema kama chuma kililia mara mbili na bado mtu akateleza, basi chuma ni kibovu, na mwenye chuma ni fundi. Akasema pia kile kiti cha getini kiliwapa watu imani ya bure. Video ya mguu iko kila mahali, mtu lazima aondoke.

Nilimkuta Mzee akifunga vyombo vyake kwa gunia. Spana zake anazifunga kwa tambara moja moja. Nikasimama tu.

"Ezra," akasema, hakuniangalia. "Ililia mara ngapi?"

Kulikuwa na sisi wawili tu.

"Mbili, mzee."

Akafunga gunia kwa kamba. Akakaa juu yake. Nilidhani amekasirika, lakini alikuwa anaangalia mikono yake.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilikigusa kile chuma asubuhi, nikaona kiko sawa. Kama kililia mbili na kikaachia, mkono wangu hausikii tena. Miaka thelathini. Si mbaya." Akasimama. "Bora nijue sasa kabla sijaua mtu."

Akaniuliza kama daftari bado naandika. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Jumanne, 31 Desemba

Nimetumwa nipeleke pazia kwa Nyaguthii, bosi hataki kuliona. Nilimkuta kwa cherehani, mkono wa kulia umefungwa bandeji kutoka kiwiko mpaka bega. Anashona kwa wa kushoto.

"Weka hapo, kijana. Umekula?"

Nilikula maharagwe yake nimeangalia sahani. Nikamuuliza, nikijaribu kuongea kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama siku ile alisikia vyuma vikilia.

"Ya kwangu nilisikia. Baada ya hapo nilikuwa nimefumba macho naomba. Mimi naogopa juu, hukujua?"

"Unaogopa? Na unakuja kila Jumamosi?"

"Binti yangu alitaka kuona mama akiruka." Akakata uzi kwa meno. "Unajua nilipomshika yule msichana nilifikiria nini? Nilifikiria, Ngai, leo mwili huu umepata kazi yake."

Nikimwangalia siku hizi hakuna namba inayokuja. Nimejaribu. Haiji.

Alhamisi, 2 Januari

Nimeenda Kajiado kumwona Resian kwao. Alikuwa amekaa nje, mkono kwenye kitambaa shingoni, mguu wake umeegemea ukuta kando yake, umepasuka karibu na goti. Mama yake alinipa chai. Kila mtu ananipa chakula. Ni adhabu gani hii.

Hakunilaumu. Alisema, "Nilitaka tu kukuuliza nivue mguu ama niuache. Pengine kungekuwa na njia." Kisha akanionyesha pale juu, plastiki inapokutana na paja. "Hapa hapabonyei, unaona? Nyama hubonyea. Chuma chenu kilikaa juu ya hii, kikabaki juu. Huku kwa mguu mzima kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi."

Nikasema ndiyo, naona.

"Ndio sielewi," akasema. "Kama kilikaa juu hivyo, kilifungaje mara ya pili?"

Nilikunywa chai ikaniunguza.

"Nasikia fundi wenu amefukuzwa," akasema. "Mwambie pole. Ndiye alinishusha."

Ijumaa, 3 Januari

Hakuna.

Jumamosi, 4 Januari

Cate ananiambia Mzee alirudi kwao Isinya, akapewa kazi huko, kutengeneza mashine ya kusaga unga, na akaikataa. Alisema haamini mkono wake. Mashine ya kusaga tu.

Jumapili, 5 Januari

Asubuhi. Kengele ya kanisa la jirani imelia na bado nimekaa nje kwa ndoo iliyopinduliwa. Nimesoma daftari lote tangu mwanzo. Yule kijana wa ukurasa wa kwanza ana mdomo sana.

Mzee alisema mashine ikipiga chafya niandike, nikipiga mimi nisiandike. Zangu nimeziandika zote; ya mashine niliiruka mara moja tu, na ni mahali hapo hapo panapohitajika.

Nilipoweka mkono kwa kile chuma cha Resian kilikuwa kigumu. Nilisukuma, kikagoma. Baba mdogo alisema kweli: mkono haudanganywi. Mkono wangu ulijua. Lakini nilikuwa nimeshataja kilo zake kwa sauti, Cate alikuwa anaangalia, vijana walikuwa wameshapiga makofi, na kumtoa kwa kiti ingekuwa kusema mbele ya foleni kwamba jicho langu limekosea tena. Yeye mwenyewe aliniuliza, "Kaka, iko sawa?" Hilo pia sikuandika. Nikamwambia iko sawa.

Meno ya chuma hayakuwa na shida. Mkono wa Mzee haukuwa na shida, unasikia vizuri kuliko masikio ya watu wote wa Kitengela.

Naenda Isinya sasa hivi nimpe daftari hili, na upuuzi wake wote, apeleke kwa wakaguzi ama kwa bosi ama popote anapotaka. Mzee, fungua ukurasa wa tarehe ishirini na sita. Pale kwa Resian utakuta nimeandika *tak* mbili. Ile ya pili niliiandika tu. Sikuisikia.